Namba ya dereva si namba ya dharura

Katika wilaya nyingi za Uganda, ukiuliza gari la wagonjwa linapatikanaje, utapewa namba ya simu ya mtu. Pengine ni ya dereva, pengine ya muuguzi mkuu wa kituo cha afya, pengine ya msaidizi wa mbunge aliyelitoa gari hilo na picha yake ikabandikwa mlangoni. Namba hiyo huandikwa ukutani, hutangazwa kanisani na msikitini, na watu huihifadhi kwa shukrani. Kwangu mimi hiyo ndiyo kasoro kubwa kuliko zote katika huduma zetu za dharura, kubwa hata kuliko uchache wa magari, kwa sababu inamtwika mtu mmoja aliyeshika usukani kazi ya kupokea simu, kupanga safari, kutoa ushauri wa kitabibu na kuhesabu mafuta.

Tazama inavyokuwa. Dereva yuko njiani anampeleka mama mwenye uchungu kwenye kituo cha afya ngazi ya nne chenye chumba cha upasuaji. Simu inalia. Asipopokea, mpigaji hajui kama gari lipo, limeharibika au linakuja, naye hukaa dakika 20 akirudia namba ileile badala ya kutafuta njia nyingine. Akipokea, anaendesha kwa mkono mmoja kwenye barabara ya vumbi, anasikia nusu ya maneno, kisha anajibu "nakuja", kwa kuwa ni vigumu kumwambia mtu mwenye mgonjwa mikononi kwamba huwezi. Wakati huohuo gari la wilaya jirani huenda limeegeshwa karibu zaidi bila kazi, na hakuna aliye mahali pa kuyaona magari yote mawili kwa pamoja. Dereva akilala, akiishiwa chaji au akihamishwa, huduma ya wilaya nzima inakatika ingawa gari liko uani na tangi limejaa.

Nchi haina upungufu wa namba. 999 na 112 ni za polisi, Wizara ya Afya ina 912 kwa ajili ya gari la wagonjwa, Msalaba Mwekundu na St John Ambulance wana namba zao, na kampuni binafsi za Kampala kila moja ina yake. Sera ya taifa ya huduma za dharura za kitabibu nayo ipo, na inataka vituo vya kupokea simu na kutuma magari katika kanda. Kinachokosekana mahali pengi ni meza yenyewe: watu wanaokaa macho usiku kucha mbele ya simu, saa ya ukutani na ubao unaoonyesha kila gari liko wapi na lina nini ndani.

Kazi ya meza hiyo huanza na swali moja, uko wapi. Linatangulia hata "kuna nini", kwa sababu laini ikikatika baada ya sekunde 15, ukiwa na mahali unaweza kutuma gari. Ukiwa na maelezo ya ugonjwa bila mahali, huna kitu. Swali la pili ni namba ya simu, nayo isomwe kwa sauti tarakimu moja moja hata kama imeonekana kwenye kioo, maana huku watu huazima simu, huishiwa salio na hubipu.

Nje ya Kampala hakuna anwani za nyumba za kutegemea, na ndani ya Kampala kwenyewe kazi ya KCCA, mamlaka ya jiji, ya kuzipa barabara majina na nyumba namba haijabadilisha namna watu wanavyoelekezana. Kwa hiyo mpokea simu lazima ashuke ngazi kwa ngazi: wilaya, kata ndogo au mji, senta ya biashara, barabara na inakoelekea, kitu kinachoonekana kwa macho, na mwisho mtu atakayesimama kando ya barabara akipunga mkono. Kuruka wilaya ni hatari. Namugongo iko Wakiso, nyingine iko Kaliro. Bukoto ni kitongoji cha Kampala na pia ni jina la jimbo huko Masaka. Mpakani mambo yanazidi kuwa magumu, kwani Busia na Malaba ziko pande zote mbili, na simu iliyoshika mnara wa Kenya ikipiga 999 inapokelewa na polisi wa Kenya. Mpokea simu wa ukanda huo anatakiwa kuuliza "upande wa Uganda au wa Kenya?" kabla hajaandika chochote, na awe na namba ya moja kwa moja ya mwenzake wa ng'ambo.

Chukua mfano wa dereva wa lori kutoka Mombasa aliyekuta ajali ya boda boda usiku kwenye barabara ya Malaba kwenda Iganga. Anazungumza Kiswahili tu.

"Kaka, ulikuwa unatoka Malaba au unaelekea Malaba?"

"Natoka. Bugiri nimeshaipita."

"Umeipita muda gani?"

"Kama dakika kumi hivi."

"Mbele yako unaona nini?"

"Msikiti, na kituo cha mafuta kimefungwa."

"Kuna mwenyeji yeyote karibu? Mpe simu, wewe usiondoke."

Hilo la mwisho ndilo linaloleta gari mahali sahihi. Mwenye simu si lazima awe ndiye anayejua mahali, na mwendesha boda wa steji ya jirani atataja jina la senta, jina la mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na njia ya mkato kwa pumzi moja. Mpokea simu aliyefundishwa vizuri hatumii dakika 4 kumbana mgeni kwa maswali asiyoyajua. Anamtafuta mwenyeji ndani ya sekunde 30. Kushea mahali kwa WhatsApp ni msaada mkubwa panapokuwa na data, ila isiwe ndiyo njia pekee. Mahali panapokadiriwa kwa mnara wa simu panaweza kukosea kwa kilomita kadhaa vijijini, kwa kuwa mnara mmoja unahudumia eneo kubwa.

Mfano huo unaonyesha pia kwamba lugha ni sehemu ya vifaa vya kazi. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya Katiba ya 2005, polisi na wanajeshi wanakitumia kazini, madereva wa masafa marefu wanakitegemea, na wakimbizi wengi kutoka Kongo huko Nakivale na Kyangwali hawana lugha nyingine ya kuombea msaada. Kila zamu iwe na angalau mtu mmoja anayekisema bila kubabaika, pamoja na lugha za eneo lake. Kituo cha Mbale kisicho na msemaji wa Ateso au Lumasaba hakijakamilika, hata kikiwa na kompyuta za kisasa kiasi gani.

Baada ya mahali na namba, maswali mawili yanatangulia mengine yote. Ameamka? Anapumua kama kawaida? Majibu yakiwa hapana na hapana, umri, dawa anazotumia na historia ya ugonjwa havina kazi tena kwa wakati huo. Gari linatumwa, na mpokea simu anaanza kuelekeza: mlaze chali sakafuni, usimwache kitandani kwa sababu godoro linabonyea, piga magoti ubavuni, weka kiganja katikati ya kifua na kingine juu yake, kandamiza kwa nguvu kifua kishuke sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na tuhesabu pamoja kwa sauti. Makosa mengi hutokea kwenye swali la pumzi. Mtu ambaye moyo umesimama anaweza kuendelea kuvuta pumzi nzito za hapa na pale kwa dakika kadhaa, na ndugu zake watasema "anapumua, anakoroma". Mpokea simu asikubali jibu hilo kirahisi. Amwambie mpigaji aseme "sasa" kila kifua kinapoinuka, naye ahesabu sekunde. Pumzi zikiachana sekunde 10 au zaidi, huyo achukuliwe kuwa hapumui.

Hata hivyo, kwa hali yetu, naamini kadi za maelekezo anazosoma mpokea simu, zile za uzazi, za kutokwa damu na za degedege, zitaokoa wengi kuliko kadi ya moyo. Gari likiwa umbali wa saa nzima, kukandamiza kifua peke yake hakumfikishi mgonjwa mbali, lakini mama aliyejifungulia njiani anaweza kusaidiwa na jirani anayeelekezwa kwa simu: mfute mtoto akauke, mweke kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, wafunike wote, kitovu msikikate, kondo la nyuma msilivute. Likishatoka na damu inaendelea, kanda tumbo chini ya kitovu kwa mkono mpaka lisikike gumu, mtoto anyonye. Mjamzito mwenye degedege alazwe ubavu wa kushoto, asitiwe kijiko wala kitu chochote mdomoni, na gari lielekezwe moja kwa moja kwenye hospitali yenye magnesiamu salfeti, dawa ya degedege hilo, na chumba cha upasuaji, badala ya kupitia vituo viwili vidogo kwanza. Kwa majeruhi wa boda boda, la haraka ni kumzuia yeyote asimpakie katikati ya watu wawili juu ya boda nyingine akiwa ameketi. Damu inayoruka ibanwe kwa kitambaa na mkono usiachie.

Maswali na maelekezo haya yanatakiwa kuwa kwenye kadi zilizochapishwa, na mpokea simu ayasome kama yalivyo. Kadi za kwanza za namna hii zilibuniwa mwishoni mwa miaka ya 1970 huko Salt Lake City, Marekani, na daktari Jeff Clawson. Mfumo uliokua kutokana nazo leo unagawa simu kwa uzito, kuanzia mgonjwa anayeweza kusubiri hadi yule anayetumiwa gari lolote lililo karibu mara moja. Hatulazimiki kununua mfumo huo kwa leseni. Kadi 20 zilizoandikwa na madaktari wetu kwa lugha zetu, zikapitiwa kila mwaka, zinatosha kuanzia. Tatizo la kumwachia mpokea simu atumie akili yake tu ni kwamba saa tisa usiku akili hiyo imechoka, na anayepiga kelele zaidi ndiye anayepata gari.

Watu wa fedha wanapoona bajeti ya kituo huuliza kwa nini wafanyakazi ni wengi hivyo. Wiki ina saa 168. Mtu mmoja hufanya kazi saa 40. Kiti kimoja tu kisichokaa wazi usiku wala mchana kinahitaji watu 4.2 kabla hujahesabu likizo, ugonjwa na mafunzo; ukivihesabu, ni 5 au zaidi. Na kiti kimoja hakitoshi, kwa sababu anayemwelekeza mtu kukandamiza kifua hawezi kuachia simu azungumze na dereva. Viti viwili, kimoja cha simu na kimoja cha magari, ni watu 10 au 11. Wilaya moja haiwezi kuwabeba. Ndiyo maana meza inapaswa kuwa ya kanda, ikihudumia wilaya 8 au 10, na magari yote ya eneo hilo, ya serikali, ya mbunge, ya hospitali za misheni, yaonekane kwenye ubao wake. Mbunge anayekataa gari lake lipangwe na kanda kwa sababu ni "la watu wangu" anawanyima watu haohao gari la jirani siku lake likiwa karakana.

Katika mawasiliano kati ya meza na gari, tumeegemea mno WhatsApp. Rufaa nyingi kati ya vituo hupangwa kwenye vikundi vya simu, na kwa siku za kawaida vinafanya kazi nzuri: picha ya fomu inafika, daktari wa upande wa pili anajibu. Lakini Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na vikundi vyote vikanyamaza kwa pamoja. Mvua kubwa, umeme kukatika na betri za mnara kuisha huleta matokeo yaleyale kwa kiwango kidogo. Kwenye tukio kubwa mtandao wa simu hulemewa na watu wanaowapigia jamaa zao.

Kwa hiyo redio ya upepo bado inahitajika, na haina ughali wanaoudhani wengi. Redio ya VHF ya ndani ya gari hutoa wati 25 hadi 50, ya mkononi kama wati 5. Mawimbi yake huenda kwa mstari ulionyooka, kilima kikikaa katikati yanakatika. Hivyo panahitajika kirudishi, yaani mtambo unaopokea sauti na kuirusha tena, juu ya kilima kirefu, chenye betri na sola yake. Kabale na Kisoro, kwa milima ile, kirudishi kimoja hakitafika mabondeni, na mtu asimwuzie mkuu wa wilaya ndoto hiyo.

Hitilafu za redio zinajulikana na nyingi zinatibika kwa nusu saa. Ya kawaida ni gari linalosikia kila kitu lakini halisikiki. Dereva huapa kwamba redio ni nzima kwa kuwa sauti inatoka. Sababu mara nyingi ni mojawapo ya tatu. Huenda toni ya kufungulia kirudishi haikuwekwa redio ilipoprogramiwa upya, kwa hiyo kirudishi kinampuuza. Huenda kiungio cha waya wa antena chini ya paa kimeingia maji na kutu, na nguvu inaishia hapo. Au betri ya gari ni dhaifu: kupokea kunatumia umeme kidogo, kutuma kunatumia mwingi, na injini ikizimwa redio inajizima kila kitufe kinapobonyezwa. Antena yenyewe, kwa masafa ya karibu megahezi 150, ina urefu wa kama sentimita 50. Iliyokatwa na matawi ikabaki kisiki inaonekana kwa macho, ila hakuna anayeitazama. Kila zamu ianze kwa jaribio la redio, gari kwa gari, na jibu liandikwe.

Nidhamu ya kuzungumza nayo ifundishwe. Bonyeza, subiri sekunde moja, ndipo useme, la sivyo neno la kwanza linaliwa, na neno la kwanza mara nyingi ndilo jina la mahali. Anayepokea agizo alirudie: "Gari la nne, Naluwerere, upande wa msikiti, mmoja, damu mguuni." Jina la mgonjwa lisitajwe hewani kamwe.

Kutuma gari ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua linampeleka wapi. Kampala inajua maumivu ya jambo hili. Aliyeungua apelekwe Kiruddu, mwenye matatizo ya uzazi Kawempe, mwenye majeraha makubwa Mulago. Ukikosea mlango wa kwanza, foleni ya mjini inakula saa nzima kabla hujafika wa pili. Dereva aliye peke yake humpeleka mgonjwa alikozoea. Meza inaweza kupiga simu mara mbili kwa kila zamu kwenye kila hospitali ya kanda na kuandika mambo manne tu: daktari wa upasuaji yupo, wa usingizi yupo, damu ipo, oksijeni ipo. Simu mbili kwa zamu, ubao mmoja. Sijui hatua nyingine ya bei hiyo inayopunguza safari za bure kwa kiasi hicho.

Oksijeni nayo ihesabiwe kabla ya gari kuondoka. Mtungi wa lita 680 ukifunguliwa kwa lita 10 kwa dakika unaisha baada ya dakika 68. Kwa lita 15, dakika 45. Safari ya Kabale hadi Mbarara inazidi saa mbili. Anayepanga rufaa aulize mgonjwa anatumia lita ngapi, azidishe kwa dakika za safari, aongeze nusu kwa ajili ya pancha na foleni, ndipo aruhusu gari. Na mafuta: ubao uonyeshe tangi la kila gari, kwa sababu ndugu wa mgonjwa kuombwa pesa ya mafuta getini, usiku, ni ucheleweshaji usioandikwa popote. Kama kuna malipo, mpokea simu ayataje kwenye simu ya kwanza.

Tukio kubwa hupima yote haya kwa mkupuo. Usiku wa kuamkia 22 Oktoba 2025 mabasi na magari mengine yaligongana kwenye barabara ya Kampala–Gulu, karibu na Kiryandongo. Polisi walitangaza kwanza vifo 63, baadaye wakashusha hesabu hadi 46, wakieleza kuwa baadhi ya waliopoteza fahamu huenda walihesabiwa pamoja na waliokufa. Siwalaumu askari waliofika gizani kwenye vyuma vilivyopondeka. Lakini kosa la namna hiyo lina dawa inayojulikana. Majeruhi hupangwa kwa rangi, na anayepewa alama nyeusi, ya waliokufa, hupewa baada ya mtu kumnyanyua kidevu, kumfungua njia ya hewa na kuthibitisha kwamba bado hapumui. Aliye na pumzi na hana fahamu ni mwekundu, huyo ndiye anayetangulia kuondoka. Na wahudumu wa gari la kwanza kufika hawaanzi kwa kutibu. Mmoja wao anasimama na redio na kuiambia meza: hili ni tukio kubwa, mahali ni hapa hasa, ni ajali ya aina hii, hatari iliyopo ni mafuta yanayovuja, njia ya kuingilia ni upande huu, majeruhi wakadiriwa ni wangapi na wa rangi gani, na waliopo tayari ni akina nani. Ripoti hiyo inachukua dakika moja. Bila hiyo, kila gari hupakia wa kwanza linayemkuta na wote humiminika hospitali moja.

Trafiki ndio hufika kwanza kwenye barabara kuu, mara nyingi na pikapu. Wafundishwe ripoti hiyo, kwa Kiswahili wanachokitumia tayari, na masafa yao ya redio yawe na mlango wa kuingilia kwenye meza ya afya.

Mwisho ni saa. Kila simu iandikiwe nyakati zake: ilipolia, ilipopokelewa, mahali palipojulikana, gari lilipopangwa, magurudumu yalipozunguka, lilipofika, wahudumu walipomgusa mgonjwa, walipoondoka, walipokabidhi, gari lilipokuwa huru. Wastani wa "muda wa kufika" hauonyeshi ugonjwa uko wapi. Ukiona dakika 9 zinapotea kati ya kupangwa na kuondoka, tafuta funguo, dereva au mafuta. Zikipotea kabla ya mahali kujulikana, rudi kwenye mafunzo ya maswali. Zikipotea hospitalini, vitanda vya kukabidhia vimejaa na gari limegeuzwa kuwa wodi. Madiwani wanaoombwa kupitisha gari jipya waombe kwanza nyakati hizo za miezi mitatu iliyopita kwa yale waliyonayo.